Miwani Ndani ya Kapu

Walikutana kwenye foleni ya vitambulisho, asubuhi ya Jumatatu, katika ofisi yenye madirisha sita na makarani wawili. Watu walibanana mpaka kwenye ngazi. Mwanamke aliyekuwa mbele alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, bahasha mkononi, miwani usoni. Mtu akasukuma, foleni ikayumba, miwani ikaanguka, na mwanamume aliyekuwa nyuma yake akapiga hatua palepale ilipoangukia.

"Aliyekanyaga asiondoke," mwanamke alisema, mkono ukipapasa hewa.

"Siondoki. Ni mimi. Na sijui kama ni bahati yako au mkosi wako, lakini kazi yangu ni kutengeneza miwani."

"Kumbe ndivyo unavyotafuta wateja."

Foleni nzima ikacheka, na mwanamume akacheka nayo, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, ameshaachwa mara moja, amezoea kula peke yake akiwa amesimama. Mtaani walimwita Fundi, basi. Alimshika mwanamke yule mkono, akamvusha barabara kama anavyovushwa mtoto, akamkalisha kwenye kiti cha dukani kwake: chumba kimoja chenye mlango wa mbele wa buluu uliotazama barabara, mlango mdogo wa nyuma uliotokea uchochoroni, na mashine ya kusaga lenzi iliyonguruma siku nzima. Alipompima aliguna. Macho yote mawili hayakuona mbali, na si kidogo. Mtu akisimama hatua tatu mbele yake bila miwani, alichokiona ni kivuli kilichovaa nguo.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza.

"Tangu utoto. Nimeshasalimia miti mingi katika maisha yangu, na mingine nimeiuliza habari za nyumbani."

Alikuwa mwalimu wa chekechea. Fundi akawa anamwita Mwalimu, yeye akawa anamwita Fundi wangu, na ndani ya miezi mitatu majirani walishaanza kuuliza lini. Kila siku saa nne, watoto wakiwa wanacheza, simu ya dukani iliita.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula mkate, laazizi."

"Mkate na nini?"

"Mkate na kisu."

Hapo alimgombeza mpaka kengele ilie, na Fundi akabaki na simu sikioni akitabasamu mbele ya mteja. Jamani, mapenzi ya watu wazima ni vitu vidogo kama hivyo, na mwenye kuvipata avishike.

Kisha mama yake Mwalimu akafariki.

Fundi alikuwepo msibani. Alibeba viti, alisimama na wanaume, alilia kidogo pembeni. Siku ya nne akarudi dukani, kwa sababu wateja walikuwa wakisubiri, na kwa sababu hakujua kwamba msiba wenyewe huanza watu wakishaondoka. Wengine walijua. Dada yake Mwalimu alikuwa amejiunga na kundi moja jipya la dini, lililojiita Nyumba, na watu wa Nyumba walikaa pale mwezi mzima. Walipika, waliosha vyombo, walilala sakafuni pamoja na wafiwa. Hawakuhubiri hata neno moja. Mwezi ulipokwisha, Mwalimu aliwafuata mwenyewe.

Nyumba ilikutana katika ghala la zamani la samani, lililopakwa chokaa nyeupe. Watu wake walivaa rangi ya mchanga. Kiongozi wao alikuwa na sauti ya upole na kumbukumbu ya ajabu. Alikumbuka nani alilalamika kichwa wiki iliyopita na nani mwanawe kafeli mtihani. Kila mfuasi alipewa mlezi, na kila wiki alimweleza mlezi huyo yote aliyoyafanya, na yote aliyoyawaza. Fundi alipoambiwa hilo alijikuna kidevu. Aliuliza kama na yeye humo anasimuliwa. Mwalimu akasema kwa upole kwamba wanasimuliwa wote wawili.

Akaalikwa siku moja, akaenda kwa heshima ya mpenzi wake, akakaa safu ya mwisho. Ilikuwa Siku ya Kuweka Chini, ambapo kila mtu huweka kapuni kile anachoegemea badala ya imani. Kapu lilipita. Wengine waliweka sigara, na hapo Fundi hakuwa na neno. Wengine waliweka dawa zao, akaanza kujisogeza kitini. Mwanamke mnene aliyekuwa mlezi wa Mwalimu aliweka miwani. Kisha Mwalimu naye akavua ya kwake, ile ile Fundi aliyoisaga kwa mikono yake, akaiweka juu ya nyingine. Kiongozi akamsogelea, akainua vidole.

"Unaona vingapi, binti yangu?"

"Viwili."

Ghala zima likapiga makofi, Dada akilia kwa furaha. Fundi hakupiga. Kwa umbali ule, hata mteja wake mwenye macho mabovu kuliko wote angevihesabu.

Waligombana nje, kando ya lango, watu wakiwapita.

"Vidole viwili mbele ya pua si muujiza," Fundi alisema.

"Wewe hukuona. Watu mia mbili wameona."

"Mpenzi, mimi ndiye ninayeyajua macho yako."

"Unazungumza kama mtu aliyepoteza mteja."

Maneno yalikuwa karibu na yale ya foleni, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu akarudi ndani akiwa amemshika Dada begani. Fundi alidhani amemshika kwa mapenzi tu.

Baada ya hapo mlezi alimshauri Mwalimu apumzike na sauti za mashaka kwa siku arobaini, na simu yake ikawekwa kwa Dada. Fundi alipopiga, Dada alijibu kwamba amepumzika, shemeji. Wiki iliyofuata alijibu kwamba amepumzika, kaka. Fundi akaisikia hiyo kaka, akaweka simu chini, akakaa akiitazama mashine bila kuiwasha.

Bado angevumilia, kama si kukutana naye njiani. Mara ya kwanza ilikuwa mbele ya posta. Mwalimu alikuja upande wake, kavaa gauni la rangi ya mchanga, kichwa juu, na Fundi akasimama, akatabasamu, akainua mkono. Mwanamke akampita kwa hatua nne, macho makavu. Mara ya pili ilikuwa sokoni, wakitazamana kabisa, meza moja ya nyanya katikati ya njia. Akampita vilevile. Fundi alirudi dukani akiwa amechoka mwili mzima. Wamemfundisha kunidharau, alijiambia. Basi, yaishe. Alipaka mlango wake rangi ya kijivu, kwa sababu ule wa buluu Mwalimu ndiye aliyeusifu.

Na hapo ndipo walipoanza kuja kwa mlango wa nyuma.

Wa kwanza alikuwa mzee aliyekwisha kutoa ushuhuda mara tatu kuwa anasoma bila miwani. Alibisha taratibu, akaomba miwani nyepesi, isiyoonekana sana. Wiki ile wakaja wengine wawili. Kabla mwezi haujaisha akaja yule mlezi mnene, kashika kasha jekundu la kitambaa lililodariziwa maua, akaomba Fundi amsitiri. Fundi aliwapima wote, akawatengenezea wote, akanyamaza. Aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba macho ya mteja ni siri ya mteja. Hiyo ilikuwa sababu nzuri, na aliishika kwa mikono miwili. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa amechoka. Kila aliyetoka kwa mlango ule alirudi ghalani kupiga makofi, na Fundi hakuona kwa nini yeye ndiye asumbuke.

Miezi mitano ikapita, na yule mlezi akaleta tena miwani yake kurekebishwa.

Alasiri moja alikuwa amesimama mlangoni, jua likimpiga mgongoni kupitia mlango wa nyuma, akifuta kioo cha maonyesho. Akamwona Mwalimu anakuja. Alikuwa anatembea kwa kuugusa ukuta, kiganja kikipita kutoka mlango hadi mlango, midomo ikihesabu. Alifika kwenye mlango wa kijivu, akasita. Alikuwa hatua tatu kutoka kwa Fundi. Alimtazama usoni moja kwa moja.

"Samahani, kaka," alisema. "Kwa fundi miwani ni mlango huu au unaofuata? Ulikuwa wa buluu."

Fundi aliushusha mkono wenye kitambaa. Akaiona posta. Akaziona zile nyanya. Hatua nne, meza moja, na yeye katikati ya njia akiinua mkono kama mjinga. Yeye mwenyewe ndiye aliyempima macho yale, ndiye aliyesaga lenzi zile, na katika watu wote wa mji huu yeye ndiye aliyesahau kwamba mwanamke huyu haoni. Alijisikia vibaya kuliko siku aliyoachwa.

"Ni huu, Mwalimu."

Mwanamke alibana kifuani bahasha aliyoishika. "Fundi?"

"Ni mimi. Pita ndani, kuna ngazi moja."

Alimkalisha kwenye kiti kilekile. Mwalimu akaeleza akiwa ametazama mapaja yake. Jana yake, saa ya watoto kuchukuliwa, alimwona mama mmoja upande wa lango, kavaa kitenge cha njano, akampungia mkono, akamwachia mtoto wa miaka minne akimbie kwa mama yake. Hakuwa mama yake. Alikuwa mpita njia tu. Mtoto alikutwa baadaye amesimama peke yake ukingoni mwa barabara, malori yakipita, anasubiri.

"Hakuumia," Mwalimu alisema. "Kila mtu ananiambia hakuumia. Mwalimu mkuu amenipa wiki moja nikaangaliwe macho. Fundi, mimi nilishasema mbele ya watu mia mbili kuwa naona. Kila asubuhi nilifungua macho nikisubiri. Nilidhani imani yangu ndiyo ndogo."

Fundi hakusema nilikuambia. Alimvisha fremu ya kupimia, ile nzito ya chuma, akawa anabadilisha lenzi moja baada ya nyingine. Mwalimu alisoma mstari wa juu, wa pili, wa tatu. Kisha akageuza uso kutazama chumba alichokikosa: mashine, kalenda, meza ya kazi zilizokwisha. Akanyosha kidole.

"Lile kasha jekundu," alisema. "Lina maua. Nimelishika mara nyingi mkononi mwake. Ni la mlezi wangu."

Fundi alilichukua kasha lile, akalitia ndani ya droo.

"Tangu lini?"

"Siwezi kusema habari za mteja."

"Wako wangapi?"

Fundi alianza kuzipanga lenzi za kupimia sandukuni.

Mwalimu alivua fremu ile kwa mikono miwili, akaiweka chini polepole. "Ina maana wote wanaona ila mimi. Wao walikuja kwako wakatengenezewa, wakarudi wakaniambia niongeze maombi. Na wewe ulijua. Mimi nilikuwa mteja wako, Fundi, au nilikuwa mtu wako?"

"Nilidhani umenikataa. Ulinipita mara mbili njiani."

"Nilikupita wapi?"

"Posta. Na sokoni."

"Sikukuona," alisema. "Mungu wangu. Sikukuona, na wewe ukaniacha."

"Nilikuacha," Fundi alisema. "Msibani nilikuacha siku ya nne, na mara hii tena. Sina la kujitetea. Ningekuja kubisha ghalani, hata kama wangenitoa kwa nguvu. Nilichoka, nikakaa."

Mwalimu alilia, bila kelele, akitumia pindo la gauni la rangi ya mchanga. Fundi hakumgusa. Aliwasha mashine. Alisaga lenzi zile pale pale, mbele yake, na kazi hiyo ilichukua saa nzima. Alipomvisha miwani, aliirekebisha nyuma ya masikio yake kwa vidole viwili. Mwalimu akamtazama.

"Umekonda," alisema.

"Mkate na kisu."

Hakucheka, ila uso ulilegea kidogo. Akasema siku ya mkutano atakwenda ghalani. Atakaa safu ya mbele, akiwa amevaa miwani. Fundi alimwambia watamtoa. Akasema wamtoe akiwaona. Hatamtaja mlezi wala yeyote. Uso wake tu unatosha. Na Fundi akiuliza kwa nini ajisumbue, ni kwa sababu Dada yumo mle, na ndiye ndugu pekee aliyembakia.

"Nije?"

"Njoo usimame nje. Ndani ni kwangu."

Siku hiyo Fundi alifunga duka, akavaa shati lililopigwa pasi, akasimama ng'ambo ya barabara akitazamana na lango la ghala. Aliwasikia wakiimba. Aliwasikia wakinyamaza, kimya kirefu kisichokuwa cha sala. Hakuvuka, kwa kuwa aliambiwa asivuke, na safari hii alikuwa ameamua kukaa mpaka mwisho hata kama ni mpaka kesho.

Mwalimu alitoka peke yake. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani lenye mifuko mikubwa. Barabara ilikuwa pana, magari yakipita, watu wamejaa pande zote mbili, na Fundi alikuwa bado hajafanya lolote. Mwalimu alisimama langoni, akatazama ng'ambo, akainua mkono yeye kwanza.

Fundi alivuka akimfuata.

"Kiongozi ni mzee kuliko nilivyomkumbuka," Mwalimu alisema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyebeba mizigo siku nzima. "Aliniombea, kisha akawaambia wanigeuzie mgongo. Wakageuka, safu baada ya safu. Mlezi wangu alikuwa wa kwanza."

"Na Dada?"

"Aligeuka." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. "Lakini nilimwona vizuri, Fundi. Alikuwa wa mwisho kabisa."

Fundi alimshika mkono ili wavuke. Mwalimu akamwambia magari anayaona sasa, hana haja ya kuvushwa. Fundi akasema anajua. Wakavuka vivyo hivyo, mkono ukiwa mkononi, na walipofika upande wa pili Mwalimu akamwomba wasimame kidogo. Akageuka, akalitazama lile lango, akasubiri kuona kama kuna mwingine anatoka.