Sauti ya Shangazi Bila Shangazi

Kila asubuhi Kipaza aliwasha jiko, akabandika birika, kisha akawasha redio ndogo iliyokaa juu ya kabati la vyombo. Redio ilikuwa lazima, maana aliyesoma matangazo ya asubuhi alikuwa shangazi yake mwenyewe, dada wa baba yake, aliyekaa nao nyumba moja. Hata hilo jina la Kipaza alilipatia hapo jikoni. Tangu akiwa mdogo alikuwa akishika mwiko mbele ya mdomo kama kipaza sauti na kumwigiza shangazi: “Wasikilizaji, hamjambo.” Baba yake akaanza kumwita Kipaza, mtaa mzima ukafuata. Ukimwuliza akikua atafanya kazi gani, hakuhitaji kufikiri. Atakuwa mtangazaji.

Siku ile shangazi hakwenda kazini. Mafua yalikuwa yamemkausha koo hadi sauti ikapotea kabisa. Akijaribu kusema, kilichotoka ni mkwaruzo tu, kama mlango wenye bawaba mbovu. Baba alikuwa amempigia simu mkuu wa kituo cha redio kumweleza, na mkuu akajibu kwa upole mwingi kwamba dada apumzike tu, asiwe na wasiwasi. Upole ule peke yake ungetosha kuwashtua. Wakubwa hawana upole wa bure.

Kipaza alitaka kusikia ni nani atakayeshika zamu. Watangazaji hawakuwa wengi tena. Walikuwa wamepunguzwa mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeondolewa aliambiwa kwamba biashara ni ngumu, huku gari la mkuu likizidi kuwa jipya.

Muziki ukakatika. “Wasikilizaji wapenzi, hamjambo asubuhi hii. Karibuni kwenye matangazo.”

Ilikuwa sauti ya shangazi.

Kikombe cha baba kilisimama njiani, hakikufika mdomoni wala hakikurudi mezani. Shangazi mwenyewe alikuwa pale pale, ameketi kwenye kigoda, anasukutua koo kwa maji ya chumvi. Maji yakamtoka mdomoni, yakamwagika kifuani. Akaweka mkono shingoni na kujipapasa, kama mtu anayepapasa mfuko baada ya kusukumwa kwenye umati.

Baba aliuliza kama ile ni rekodi ya zamani. Lakini sauti ilitaja tarehe ya siku ile, ikataja mvua iliyonyesha jana yake, ikacheka kidogo puani vilevile shangazi anavyocheka. Haikuwa rekodi. Shangazi akanong’ona kwa shida, neno baada ya neno, kwamba siku chache zilizopita walimweka studio, wakamsomesha sentensi nyingi zisizo na kichwa wala miguu. Walimwambia wanapima vipaza sauti vipya.

“Hawakuwa wanapima vipaza sauti,” baba alisema. “Walikuwa wanakupima wewe.”

Kipaza aliondoka kwenda shule miguu ikiwa mizito. Rafiki yake, msichana mrefu aliyeitwa Twiga, alikuwa akimngoja njiani kama kawaida. Twiga alisema amemsikia shangazi leo, amesoma vizuri hata hajakohoa. Kisha akakunja uso. Si Kipaza alisema jana kwamba shangazi hana sauti?

Kipaza alipiga hesabu haraka. Akisema ukweli, darasa zima lingejua kwamba kazi aliyojivunia miaka yote inafanywa na kompyuta. Yeye angebaki nani, na mwiko wake?

“Amepona,” alijibu. “Ameondoka alfajiri kwenda kazini.”

Uongo ule ulipita kooni bila kukwaruza. Twiga akaridhika, wakaendelea na safari yao.

Baada ya masomo alimsindikiza shangazi kituoni, awe mdomo wake. Alikuwa akiijua studio ile vizuri: kuta zilizovikwa sponji, zulia lililochakaa chini ya kiti, kioo kikubwa kinachoitenga na chumba cha fundi mitambo, na juu ya mlango taa nyekundu inayowaka mtu anapokuwa hewani. Taa ilikuwa inawaka. Wakachungulia kwenye kioo. Kiti kilikuwa kitupu. Hedifoni zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari wake, na ndani ya spika za ukumbini shangazi alikuwa akiwatakia wasikilizaji mchana mwema.

Kipaza alihisi nywele zikimsimama. Alimshika shangazi mkono, akauona ni wa baridi. Fundi mitambo, mzee aliyefanya naye kazi tangu ujana wao, aliwaona, akainamia vitufe vyake kana kwamba kimoja kimempotea.

Mkuu wa kituo aliwapokea kwa tabasamu. Alimwita shangazi “mama yetu”, akasema mashine ile imenunuliwa ili kumpunguzia mzigo. Wasikilizaji hawajagundua chochote, na ni vizuri wasigundue, wasije wakababaika. Akipona aje tu, kuna maneno mengine machache wangependa awasomee. Kuhusu zamu zake, hilo wataliangalia.

Kipaza aliuliza, kwa niaba ya shangazi, ni nani anayeyahakiki matangazo. Hapo ndipo penye kazi ya shangazi. Hakuwahi kusoma tangazo hata moja kabla ya kumpigia simu mwenye nalo na kumuuliza swali lile lile: “Bado ni hivyo?” Mkutano umeahirishwa? Mtoto aliyepotea ameonekana? Watu walimtania kwa swali lile, hata muuza mkaa akimwona humuuliza kama bado ni hivyo.

Mkuu alicheka. Alisema mashine inasoma inachopewa, na haina muda wa kupiga soga kwenye simu.

Wiki hiyo bomba kuu la maji lilikuwa limepasuka karibu na mtaro wa maji machafu. Idara ya maji ilikuwa imewaonya watu wasinywe maji ya bomba mpaka watangaziwe. Kesho yake asubuhi sauti ya shangazi ikasema, kwa furaha kabisa, kwamba bomba limetengenezwa na maji sasa ni salama kwa kunywa. Kipaza akachukua kikombe aende bombani. Shangazi akamshika mkono, akamwonyesha sufuria jikoni. Yachemshwe. Kipaza alinung’unika moyoni kwamba shangazi anaionea mashine wivu.

Siku iliyofuata Twiga hakuwepo njiani. Darasani madawati kadhaa yalikuwa wazi, na mwalimu akasema watoto wanaharisha, wengine wamelazwa zahanati. Kipaza alikaa kama aliyemwagiwa maji baridi. Twiga alikuwa na desturi ya kunywa maji bombani moja kwa moja, kichwa amekiinamisha, shingo ndefu imepinda, na wao humcheka.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake Twiga, fundi cherehani wa mtaa, amesimama mlangoni na tepi yake ya kupimia bado shingoni. Alikuwa ametoka zahanati. Hakupiga kelele, na hilo lilitisha zaidi.

“Dada, mimi sisikilizi wanasiasa wala sisikilizi wauza dawa,” alimwambia shangazi. “Nilikusikiliza wewe. Ulisema maji ni salama, nikampa mwanangu.”

Shangazi alifungua mdomo. Ukatoka mkwaruzo, kisha haukutoka hata huo. Fundi cherehani akamtazama kwa mshangao uliogeuka kuwa dharau. Alisema sasa sauti imepotea, lakini jana ilikuwepo. Baba akaingilia, akaeleza habari ya mashine. Mama yule akatikisa kichwa.

“Shemeji, usinifanye mtoto. Kipaza mwenyewe alimwambia mwanangu kwamba shangazi amepona na amekwenda kazini.”

Macho yote yakamgeukia Kipaza. Lakini Kipaza aliona uso wa shangazi tu. Wakubwa walikuwa wamemnyang’anya sauti, na yeye, mtoto wa nyumbani, alikuwa amewasaidia kufunga mlango. Sasa hakuna mtu ambaye angeamini. Jina la shangazi lilikuwa linakwenda, na mtangazaji asiye na jina zuri hapati kazi popote.

“Nilidanganya,” Kipaza alisema. “Hakutoka humu ndani. Alikuwa anasukutua koo hapo kwenye kigoda. Niliona aibu kusema ni kompyuta.”

Fundi cherehani alikaa kwenye ngazi ya mlango kama aliyekatwa miguu. Ndani redio ilikuwa bado inaongea. Muziki ukakatika, na sauti ya shangazi ikarudia tangazo: maji ni salama kwa kunywa. Wote wanne walisikia, na watatu walikuwa wakimtazama shangazi, aliyefumba midomo.

Hakuna aliyesema twende. Walijikuta tu wako barabarani, shangazi mbele.

Mkuu wa kituo hakuwepo. Alikuwa kwenye kikao, na kikao cha wakubwa hakiingiliwi hata nyumba ikiungua. Alikuwepo fundi mitambo peke yake. Aliposikia habari ya watoto, alijishika kichwa. Alisema tangazo limepangwa kurudiwa kila saa. Anaweza kuandika jingine la kukanusha, mashine italisoma sasa hivi, tena kwa sauti ya shangazi.

Shangazi akatikisa kichwa kwa nguvu. Akashika koo lake, kisha akaelekeza kidole kwenye spika. Kipaza akaelewa, akasema kwa niaba yake: sauti ile ile ikisema leo hivi na kesho vile, watu wataamini ipi? Lazima asome mtu.

Lakini mtu yuko wapi? Watangazaji waliobaki walikuwa wameambiwa waje mwisho wa wiki. Shangazi akamshika Kipaza bega, akamketisha kwenye kile kiti kitupu. Kipaza alidhani atapewa kipaza sauti. Badala yake shangazi akamwekea simu mkononi.

Kipaza akapiga idara ya maji. Alipopokea msimamizi wa mabomba, akauliza kwa sauti iliyokatikakatika: “Lile tangazo la maji. Bado ni hivyo?”

Upande wa pili karatasi zilipekuliwa. Kisha msimamizi akasema hapana, si hivyo, haijawahi kuwa hivyo. Tangazo walilituma mapema, wakitarajia kumaliza. Kumbe kiungio kikavuja tena, maji hayafai mpaka sasa.

“Mbona hamkusema?” Kipaza aliuliza.

“Tulikuwa tunamngoja mama apige,” alijibu. “Miaka yote anapiga kabla hajasoma. Tukimpelekea kitu tunajua atauliza. Kwani yuko wapi?”

Fundi mitambo, aliyekuwa akisikiliza, aliondoa mkono kwenye vitufe kana kwamba vimemchoma. Mji mzima ulikuwa umeegemea swali moja la mwanamke mmoja, na wakubwa waliona ni soga.

Fundi akakata muziki. Taa nyekundu ikawaka. Kipaza alikuwa ameiota taa ile maisha yake yote, na sasa aliiogopa. Alisema yeye ni mtoto, mpwa wa mama waliyemzoea. Alisema amepiga simu idara ya maji sasa hivi: maji si salama, yasinywewe, na aliyeanza kuharisha apelekwe zahanati. Akamtazama shangazi upande wa pili wa kioo.

“Sauti mliyoisikia wiki hii ni ya kompyuta. Shangazi anaumwa, hakusema maneno yale. Mimi nilimwambia rafiki yangu kwamba ni yeye, na nilidanganya.”

Kabla hajatoka kwenye kiti, simu za kituo zilianza kulia zote kwa pamoja. Mkuu alitoka kikaoni mbio, shati limechomoka. Alikuwa tayari kumfukuza mtu, lakini ukumbi ulikuwa umejaa wazazi, na fundi cherehani alikuwa mbele yao na tepi yake shingoni.

Twiga alitoka zahanati baada ya siku chache, amekonda, shingo imezidi kuonekana ndefu. Na watoto wengine walipona. Wazazi walirudi kituoni kila asubuhi mpaka wenye kituo wakakubali kwamba matangazo yote yatasomwa na mtu, naye atapiga simu kwanza. Shangazi alirudishwa, lakini kwa mkataba mfupi, na kwa matangazo tu. Salamu na muziki mashine ilibaki nazo. Wenzake waliopunguzwa hawakurudi. Mkuu hakuomba radhi. Alihamishiwa kituo kikubwa zaidi, kama ilivyo kawaida yao.

Jioni moja Kipaza alikuwa akiosha vyombo. Aliushika mwiko, akautazama, akaurudisha kwenye maji. Akamuuliza shangazi kama akikua kazi ya utangazaji itakuwepo.

Shangazi alikuwa amepata sauti, ingawa bado ilikwaruza. “Sijui, mwanangu,” alisema. “Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Huenda isiwepo. Soma, ujue na kazi nyingine. Lakini sauti nzuri haikuwa kazi yangu kamwe, hata mimi sikulijua hilo mpaka waliponiibia. Kazi yangu ilikuwa kutosema nisilo na hakika nalo, na nikikosea, mtu aje mlangoni kwangu aniulize, nami nijibu. Mashine haina mlango. Wewe ulijibu siku ile, tena mbele ya mji mzima. Ukiwa mtangazaji au ukiwa fundi cherehani, fanya hivyo hivyo.”

Asubuhi Twiga alikuwa akimngoja njiani, na chupa ya maji yaliyochemshwa begani. Akauliza kama shangazi ana zamu leo.

Kipaza alifungua mdomo kujibu. Kisha akasimama, akageuka nyuma kuelekea nyumbani.

“Ngoja nikamuulize,” alisema.