Melania Wawili

Binamu yangu Stanslaus si mtu wa kuzua mambo. Ni fundi. Kwa fundi, kitu ama kinafanya kazi ama hakifanyi, na kama hakifanyi ipo sababu, na sababu hiyo ina mahali ilipojificha. Ndivyo alivyoniambia siku aliyonisimulia haya, sebuleni kwake Tinde, kwa sauti ya chini, macho yake kwenye mlango wa jikoni.

Ulikuwa msimu wa pamba wa mwaka tisini na sita. Asubuhi ile ilianza kama asubuhi zote za kiangazi cha kwetu: ubaridi kidogo, vumbi lililolala, ng'ombe wakielekea lambo. Stanslaus na mkewe Justa walikunywa chai kwa viazi vitamu, wakafunga mlango, wakaenda kazini kwa miguu. Wote wawili waliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba cha Mzee Hozefa, nje kidogo ya mji. Stanslaus alikuwa ofisini, kwenye kompyuta. Justa alikuwa kwenye kibanda cha mizani, ng'ambo ya uwanja.

"Leo usiguse hizo nyaya zako," Justa alimwambia njiani. "Ukizigusa, foleni ya mikokoteni inafika Nzega."

"Si mimi, ni panya wanaozitafuna."

"Basi Mzee Hozefa awaajiri wote, wewe na panya."

Wakacheka. Stanslaus anakumbuka kicheko hicho kwa sababu walikuwa hawajacheka kwa siku nyingi. Nyumba yao ilikuwa bado na msiba.

Kiti cha mizani hakikuwa cha Justa. Kilikuwa cha dada yake, Melania. Melania aliamka siku moja akilalamika kichwa kinamuuma, na kabla jua halijazama alikuwa amefariki. Hakuwa mgonjwa kabla ya hapo. Waliobeba jeneza walitazamana njia nzima. Lilikuwa jepesi. Baada ya mazishi watu wakaanza kunong'ona lile neno ambalo kwetu Usukumani halisemwi kwa sauti: kwamba Melania hakufa, alichukuliwa msukule, na mahali fulani alikuwa akimfanyia mtu kazi.

Stanslaus hakusikiliza. Msimu ulikuwa umefunguliwa, pamba ilikuwa ikiingia, na Mzee Hozefa alitaka mtu anayeaminika kwenye mizani. Justa akachukua kiti cha dada yake.

Akachukua na jina lake.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kompyuta kuu ya kiwanda iliendeshwa kwa Linux, mfumo wa jamii ya Unix ambao Stanslaus aliuleta kutoka Dar es Salaam kwenye sahani za plastiki. Waya mmoja mweusi ulitoka ofisini, ukapita juu ya mapaa, ukafika ghalani, ukaishia kwenye kibanda cha mizani. Aliyeketi mizani aliandika jina lake na neno lake la siri, kompyuta kuu ikamfungulia, na kila mzigo uliopimwa ukaingia ofisini papo hapo. Programu ya mizani ilitengenezwa kwa jina la Melania. Kuibadilisha kungechukua muda, na mikokoteni ilikuwa getini. Stanslaus akamwambia mkewe aingie kwa jina la marehemu kwa muda.

Mama yao, Bernadina, alipolisikia jambo hilo, alikuja mpaka uani kwa binti yake. Kwa heshima ya mkwe hakumtazama Stanslaus usoni. Aliketi akimpa mgongo, akazungumza kama anayezungumza na ukuta.

"Mkwe, matanga hayajaanuliwa. Kabla hayajaanuliwa, hakuna anayekalia kigoda cha marehemu. Hakuna anayeitikia jina lake."

"Mama, ile ni kompyuta," Justa alisema. "Si kigoda."

"Yaya," alikataa mama kwa Kisukuma, akitikisa kichwa. "Yaya, mwanangu." Akainuka akaondoka, na maji aliyowekewa hakuyagusa.

Sasa, siku ile. Jua lilipoanza kuwa kali, mtandao ulianza kusuasua. Uzito unatumwa kutoka mizani, haufiki. Unatumwa tena, unafika nusu. Stanslaus akafungua ubavu wa kompyuta kuu, akapuliza vumbi la pamba, akachomoa kadi ya mtandao, akaifuta, akairudisha. Hali ikabaki vilevile. Akabadilisha kadi. Vilevile. Akasoma kumbukumbu za mfumo, na hapo akakuta ujumbe uleule ukijirudia: kuna mashine nyingine inatumia namba ya mizani.

Kila mashine kwenye mtandao ina namba yake. Mbili zikiwa na namba moja, zinazungumza kwa pamoja na hakuna inayosikika. Lakini kiwandani hapakuwa na mashine nyingine. Ya ofisi, ya ghala, ya mizani. Basi.

"Stani!" Mzee Hozefa aliingia, shati limelowa jasho. "Mikokoteni imefika barabara kuu, na wewe unaongea na waya? Wakulima wanasema watapeleka pamba kiwandani kwa Nazir. Unataka nife maskini?"

"Bosi, nipe muda kidogo. Natafuta mtandao ulipokatika."

"Tafuta upesi, baba. Upesi."

Namna ya kutafuta ni hii. Unaiamuru kompyuta kuu iite mashine ya mbali, na ile ya mbali huitikia. Kila mwitikio unaandikwa kwenye kioo pamoja na muda uliotumia njiani. Kisha unaukata mtandao vipande. Unachomoa waya katikati, unaweka kizibo mwishoni, unaita tena. Kipande kinachokataa kuitika ndicho chenye ubovu.

Stanslaus akaita namba ya mizani. Ikaitika. Akachomoa waya ghalani, mizani ikabaki nje ya mtandao kabisa. Akarudi ofisini, akaita.

Ikaitika.

Akadhani amekosea kiungo. Akachomoa waya wa juu ya paa. Akaita. Ikaitika. Akashuka, akachomoa waya nyuma ya kompyuta kuu yenyewe. Akaushika mkononi, akauona ukining'inia. Kompyuta sasa ilikuwa peke yake mezani, haijaungwa na kitu chochote ila umeme. Hakugusa kibodi. Alisimama tu, akatazama kioo.

Ikaitika.

Kisha akatazama muda. Miitikio ya kwanza ilikuwa imechelewa sana, kama inayotoka nchi ya mbali. Uliofuata ukawahi kidogo. Uliofuata ukawahi zaidi. Kila mstari ulikuwa na muda mfupi kuliko uliotangulia.

Kilichokuwa kinaitika kilikuwa kinakaribia.

"Nilitaka kukimbia," Stanslaus aliniambia. "Na nilichofanya ni kitu cha kifundi. Nilirudisha waya."

Alirudisha kwa sababu Mzee Hozefa alikuwa anapiga kelele uwanjani. Alirudisha kwa sababu mchana ulikuwa mweupe, mashine za kuchambua pamba zinanguruma, na katika mwanga kama ule mtu haamini. Akaunga vipande vyote. Akaiuliza kompyuta ni nani walio ndani yake wakati huo.

Ikamwonyesha Melania. Ikamwonyesha Melania tena.

Wawili. Jina moja, wote kutoka mizani. Mmoja alikuwa kimya, hajagusa kitufe kwa muda. Wa pili alikuwa akifanya kazi. Uzito, jina, uzito, jina, bila kituo.

Hilo Stanslaus alikuwa amewahi kuliona. Waya ukikatika ghafla, kivuli cha mtumiaji hubaki ndani ya mashine hata baada ya mwenyewe kuingia upya. Kila fundi anajua la kufanya. Unamtoa aliye kimya. Aliye kimya ni mabaki. Anayefanya kazi ndiye mtu.

Hata hivyo akataka uhakika. Kupiga kelele hakungesaidia, ngurumo zilimeza kila sauti. Akaenda dirishani. Mkokoteni uliojaa marobota ulikuwa umeziba mlango wa kibanda, lakini dirisha la kibanda lilionekana. Ndani aliona mgongo wa mwanamke ameketi. Kilemba cha bluu, kama alichofunga Justa asubuhi. Kichwa kimeinama. Mikono inakwenda.

Akarudi mezani. Akamtoa aliye kimya.

Mtandao ukatulia. Uzito ukaanza kumiminika ofisini, safi, bila mgongano hata mmoja. Mzee Hozefa alichungulia, akacheka. "Sasa hiyo ndiyo kazi, bhai!"

Stanslaus akatoka kwenda kumwambia mkewe. Alivuka uwanja. Akauzunguka ule mkokoteni. Na nyuma ya mkokoteni, mahali pasipoonekana kutoka dirishani, akamkuta Justa amesimama.

Mkono wake ulikuwa umezama ndani ya robota, akipima unyevu. Mbele yake alisimama mkulima aitwaye Mageni, mdomo wazi.

"Tumebishana hapa tangu zamani," Mageni alimwambia Stanslaus. "Ananiambia pamba yangu mbichi, namwambia kavu. Ghafla kanyamaza. Katikati ya neno. Ana nini mkeo?"

"Alikuwa hapa muda wote?"

"Hajaondoka hata hatua."

Stanslaus akatazama kibandani. Kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa bado kinazunguka, polepole.

Justa akautoa mkono kwenye pamba. Akageuza shingo. Akamtazama mumewe kama mtu anayemtazama ndugu aliyemkuta sokoni, kwa upole, kwa adabu.

"Shemeji," alisema. "Mbona unahema hivyo?"

Akaingia kibandani. Akaketi. Akaendelea kupima.

Mchana ule hakula. Hakuomba maji. Hakusimama kunyoosha mgongo. Walipofika nyumbani alisimama mlangoni kama mgeni, akabisha hodi. "Justa yuko wapi?" aliuliza. Stanslaus akamwambia, "Justa ni wewe." Akacheka kidogo, kicheko cha Melania, kile cha kufunika mdomo. "Acha utani, shemeji. Mdogo wangu yuko wapi?" Kisha akachukua mkeka, akautandika jikoni. Mtu halali chumbani kwa mume wa mdogo wake.

Stanslaus akamwita Mama Bernadina. Alikuja, na yule mwanamke akampigia magoti, "Shikamoo mama," akamwamkia kwa sauti ambayo mama alikuwa ameizika. Mama hakuitikia. Alitoka uani akaketi, akampa mkwe wake mgongo.

"Mkwe. Walikuwa wawili?"

"Ndiyo, mama."

"Mmoja amepumzika, mwingine anafanya kazi bila kupumzika."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukamwacha yupi?"

Hapa Usukumani hata mtoto angemwambia Stanslaus. Msukule ndiye asiyepumzika.

Walianua matanga wiki ile ile, wakamwaga pombe, wakaitaja mizimu ya ukoo. Wakaja wanamaombi. Stanslaus alimsafirisha mpaka kwa mganga mmoja wa Chato, na yule mganga alipomwona mwanamke akishuka kwenye basi, alifunga mlango wake kwa ndani. "Huyo si mgonjwa," alisema kupitia mbao. "Huyo yuko mahali pa mtu. Mwenye mahali ndiye anayetafutwa."

Wakarudi.

Mimi niliyasikia haya miaka miwili baadaye, likizo moja nilipotoka chuoni kwenda kuwasalimu. Kiwanda kilikuwa kimefungwa msimu ule, na Stanslaus alikuwa ameomba ile kompyuta kuu. Ilikuwa sebuleni, juu ya meza, imewashwa. Jikoni mwanamke alikuwa anatwanga. Alikuwa anatwanga nilipofika asubuhi. Alikuwa bado anatwanga.

"Kwa nini huizimi?" nilimuuliza.

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

Alinionyesha tu. Nyuma ya mashine hapakuwa na waya wa mtandao. Mbele yake hapakuwa na kibodi, alikuwa ameifungia kabatini. Kwenye kioo kulikuwa na yale maneno ambayo mfumo huandika ukisubiri mtu ataje jina lake. Tukakaa. Kuku walikuwa wanaparua uani. Mchana ulikuwa mweupe, na kimya isipokuwa mtwangio.

Herufi moja ikatokea kwenye kioo. Ikakaa. Ikatokea ya pili. Polepole, kama mtu anayepapasa gizani.

*j. u. s. t. a.*

Mashine ikamkataa.

"Nimemfungulia jina," Stanslaus alinong'ona. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Nimelifuta hata neno la siri, aingie bila kuulizwa. Nimejaribu kila ninachokijua, ndugu yangu. Kila ninachokijua. Hainisikii. Inamkataa."

Herufi zikaanza tena. *j. u.*

Jikoni mtwangio ukasimama. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, ukasimama. Nikasikia mkeka ukikunjwa, nyayo zikija taratibu mpaka nyuma ya mlango.

"Shemeji," sauti ya upole iliuliza. "Nani huyo anabisha? Mwambie pamejaa."