Hotipoti ya Nukta Tatu

"Farid, hii hotipoti ni ya nani?"

"Si nilikwambia jana? Ya Mama. Kwani mahamri yalikuwa mabaya?"

Muhiba akageuza kifuniko cha hotipoti. Jua ndio kwanza lachomoza kwenye vilima vya Kajiado, na wenzao wa mtaa wa Umoja waliokuja kutazama nyota wikendi hiyo wote wangali wanakoroma kwenye mahema. Yeye ameamka kuosha vyombo, bibi harusi mtarajiwa wa Farid, nikaha yao Ijumaa. Akageuza kile kifuniko cheupe tena. Nukta tatu nyekundu, rangi ya kucha.

Usiku angeziona wapi? Mwalimu Kweyu, mwenye darubini, alikataza mwanga wowote ila tochi nyekundu, ati macho yazoee giza. Na kwa tochi nyekundu, alama nyekundu juu ya cheupe hupotea kabisa. Basi bibi harusi wetu akala mahamri manne, akaoneshwa pete za sayari ya Zohali, akamwambia Farid, "Mama yako ana mkono mtamu, wallahi!" Maskini ya Mungu.

Nukta hizo alizipaka mwenyewe. Siku ya hitima ya marehemu bibi yake vyombo vilichanganyika, wanawake nusura washikane nywele, Muhiba akachukua rangi yake akamwekea kila mmoja alama kwenye vyombo vyake. Nukta tatu ni Rufaida. Rufaida binamu yake, waliolelewa kitanda kimoja, wa kumpaka hina Alhamisi. Rufaida aliyeikataa safari hii dakika ya mwisho kwa sababu ya kuumwa kichwa.

Akampigia mama mkwe.

"Asante kwa mahamri, Mama."

"Mahamri gani, mwanangu? Mie niko Eastleigh kwa dadangu Abrar tangu Jumatano. Sijashika unga."

Muhiba akamgeukia Farid.

"Mpigie Rufaida. Weka spika."

"Muhiba, asubuhi yote hii..."

"Nimesema mpigie!"

Simu iliita mara moja tu.

"Mpenzi, umeamka?" Sauti nzima, kichwa hakiumi hata kidogo. "Ushamwambia? Ama unataka nimpake hina kwanza ndio umwambie?"

Farid akakata, jasho limemtoka na baridi yote ile.

"Tangu lini?"

"Muhiba..."

"Tangu lini, Farid!"

"Tangu mwaka jana. Mama alikuchagua wewe. Nilishindwa kumkatalia."

"Mama alinichagua. Na wewe je, ulinichagua lini?"

Farid akatazama chini. Jibu lenyewe likawa ndilo hilo, na lilimuuma Muhiba kuliko ile "mpenzi" ya kwenye simu. Alimpenda huyu mtu jamani. Alimpenda kweli.

Jioni hiyo alibisha mlango wa Rufaida, Umoja.

"Hodi."

"Muhiba... ingia ndani tuongee."

"Siingii. Nimekuletea chombo chako. Nimekiosha."

Rufaida akakipokea, kitu kikalia ndani.

"Kuna nini humu?"

"Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Si bibi alitufunza sote wawili?"

Rufaida akafunua. Pete ya posa ya Muhiba.

"Haki nisamehe, Muhiba. Nilitaka kukwambia, kila siku nilitaka..."

"Ukumbi umeshalipiwa. Hina ujipake mwenyewe. Na mama mkwe ukamwambie kwa kinywa chako kwamba yale mahamri ni mkono wako."

Akashuka ngazi kichwa juu, hatua kwa hatua, bila hata chozi moja. Alipofika chini simu ikatoa mlio. Ujumbe wa mama yake Farid:

"Mwanangu, Farid anasema mmekosana kidogo. Hayo ya mahamri yamenikaa moyoni, nimeona haya. Nimekukandia unga sasa hivi. Njoo kesho ule yangu, ya kweli."

Hapo ndipo Muhiba alipokaa kwenye ngazi ya mwisho, akalia mpaka watu wakawa wanampita kwa kuruka miguu yake.