Kikombe cha Msumarini

Siku ya soko Garsen, ukitaka kusikika lazima uwe na koo la fahali au spika. Barwako alikuwa na spika. Alisimama juu ya kreti la soda karibu na steji ya mabasi, gauni lake pana la dira, la kijani, likipepea, mtandio wa manjano ukimteleza kila alipoinua mkono, na maneno yalikuwa yameshika moto.

"Sisi Wata ni watu wa Tana kama nyinyi! Msikitini tunasimama safu moja. Mtu akifa, tunazikana. Mbona tukiingia hotelini tunapewa..."

Spika ikakohoa, ikazima. Wauza maembe wakaangua kicheko. Barwako akaizaba kofi.

"Dada, ukiipiga itakununia," sauti ikasema nyuma yake. "Mpe fundi."

Fundi alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, bisibisi juu ya sikio. Alichuchumaa, akaifungua spika kama mtu anayemenya chungwa.

"Waya umelegea," alisema. "Hata moyo wangu sasa hivi umelegea."

"Anza na waya. Moyo upeleke hospitali."

"Hospitali watauliza nani kaulegeza."

"Waambie ni jua. Ngapi?"

"Namba ya simu."

"Nikikupa utanisumbua."

"Nitakusumbua polepole, wallahi. Hutasikia maumivu."

Barwako alicheka, na hapo ndipo alipoponzeka. Akampa. Fundi aliitwa Dagane, Msomali wa papo hapo Garsen, mwenye kibanda cha kutengeneza simu ng'ambo ya barabara. Spika ilipopona, alibaki kusikiliza hotuba hadi mwisho. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alijua Barwako ni nani, na anapigania nini.

Alichopigania kilikuwa kitu kidogo cha bati. Katika hoteli kadhaa za mji ule, ukutani kando ya mlango palikuwa na msumari, na kwenye msumari palining'inia kikombe. Mwata akiagiza chai alipewa hicho. Kilioshwa peke yake, kikarudishwa msumarini. Ukiuliza sababu, utaambiwa babu zao walikuwa wawindaji na walikula nyama ya viboko. Babake Barwako, maskini, maisha yake yote hakula kikubwa kuliko kambare. Basi Barwako na rafiki yake Asenath, binti wa Kipokomo aliyetoka Kinakomba, walianzisha kikundi wakakiita Kikombe Kimoja, wakawa wanapita hoteli baada ya hoteli kuwasihi wenyewe wang'oe misumari ile. Wengi waliwasikiliza kwa adabu na msumari ukabaki.

Mapenzi nayo hayakungoja kampeni iishe. Simu ililia kila jioni.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula."

"Bila mimi?"

"Kwani wewe ni kachumbari?"

"Sema wallahi kilikuwa kitamu bila mimi."

"Chumvi ilipungua kidogo tu."

"Nilijua!" Dagane akapiga kelele hadi Barwako akaiondoa simu sikioni.

Kila Barwako alipopita kibandani, Dagane alivuka barabara hadi hoteli ya mamake, Mama Dagane, na kurudi na chai mbili zenye maziwa mazito na iliki. Yake katika glasi, ya Barwako katika kikombe cha karatasi chenye kifuniko, na jina lake limeandikwa ubavuni kwa wino wa buluu.

"Mbona mimi karatasi?"

"Malkia hanywi mahali palipopita midomo ya madereva."

Nani asingeyeyuka? Kimoja alikiosha akakipeleka kwao, karibu na Chara, akakiweka dirishani akatilia kalamu. Mama yake, Bi Adano, alikitazama, akamtazama bintiye, akaguna tu.

"Utanipeleka lini kwa mama?" Barwako alimuuliza siku moja.

"Leo hoteli imejaa."

"Na kesho?"

"Kesho pia itajaa. Chai ya mama ni balaa." Akacheka, na Barwako akacheka naye.

Kampeni ilipofika mtaa wa hoteli ya Mama Dagane, Barwako alitaka kumshtua Dagane kwa furaha. Alivaa dira jipya la zambarau, akajifukiza udi, akaingia hotelini kwa mama mkwe mtarajiwa, Asenath nyuma yake. Dagane alikuwa mle ndani, anafunga balbu. Alipomwona alishuka kwenye kiti haraka, uso umembadilika.

Mhudumu, Tamar, alileta chai. Mbele ya Asenath aliweka glasi. Kisha akageuka ukutani, akanyoosha mkono na kukitoa kikombe cha bati msumarini.

Barwako alimtazama Dagane. Alingoja. Ilikuwa kazi ya neno moja tu, na yeye alikuwa na maneno mengi kila jioni.

"Tamar," Dagane alisema, macho chini. "Mpe cha karatasi."

Hapo Barwako akaelewa vikombe vyote, tangu cha kwanza hadi kile cha dirishani. Aliinuka, akatoka bila kuaga, na machozi hakuyaachia hadi alipovuka steji.

Simu ililia mara nyingi asiishike. Siku ya tatu akaipokea.

"Barwako, nisikilize. Nilitaka nikukinge. Sikutaka ukione kile kikombe."

"Nilikiona nikiwa mdogo kuliko meza, Dagane. Ulikuwa unamkinga mamako."

"Nakupenda, wallahi."

"Mamako ananipa kikombe kinachooshwa kando. Wewe ulinipa kinachotupwa. Niambie, nani kati yenu ana nafuu?"

Barwako alikata simu, akalia hadi macho yakavimba. Alimpenda, na kumpenda ndiko kulikomuuma. Alipomaliza kulia alinawa uso, akampigia Asenath.

"Tumeongea vya kutosha," alisema. "Sasa tunakwenda kukaa."

Kesho yake waliingia hotelini kwa Mama Dagane wakati mabasi ya Lamu yanasimama. Barwako, mama yake, shangazi, binamu, meza mbili nzima za Wata waliovaa nguo za Idi. Wakaagiza chai, wakalipa kabisa.

Mama Dagane, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akatazama msumarini. Kikombe kilikuwa kimoja.

Ilibidi Tamar akimbizwe dukani kununua vingine vya bati. Chai ikaletwa. Hakuna aliyeigusa. Walikaa wima, mikono mapajani, chai inapoa inashika utando, na abiria wakaanza kuuliza kulikoni.

Siku iliyofuata walirudi. Asenath alikuja na wenzake kutoka Kinakomba.

"Mimi pia nipe cha bati," alimwambia Tamar.

"Wewe si Mwata, Asenath."

"Leo ni Mwata."

Vijana wa Kiorma waliosoma na Barwako wakadai cha bati. Johnson, dereva wa lori la maembe, akauliza habari, akaelezwa, akapiga meza. "Basi mimi ni Mwata mpaka nifike Mombasa. Lete bati!" Hoteli ikalipuka kwa vicheko, lakini chai yake naye hakuinywa. Duka la vyombo liliishiwa vikombe vya bati. Glasi za Mama Dagane zilikaa kabatini zinang'aa, hazina kazi.

Barwako hakucheka. Kupitia mlangoni alikuwa anakitazama kibanda cha simu. Dagane alikuwa amesimama nje yake. Barabara ya pale si pana, lakini Dagane alichukua muda mrefu kuivuka.

Aliingia. Mjomba wake Abdishakur, mkubwa wa ukoo, alikuwa amekaa karibu na jiko, anaona kila kitu. Dagane alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Barwako, akakichukua kikombe chake cha bati, chai baridi na utando wake, akakinywa chote hadi tone la mwisho.

"Hooyo," alimwita mamake kwa Kisomali chao. "Unakumbuka safari ya Mombasa? Pale kizuizini walikushusha wewe peke yako basini. Kwa sura yako tu. Wakakuuliza wewe ni Mkenya wa wapi. Ulirudi ukaniambia, wananiona kama uchafu."

"Nyamaza, Dagane."

"Nilinyamaza. Nikampa huyu kikombe cha kutupa, nikamwambia ni mapenzi." Akamgeukia Barwako mbele ya hoteli nzima. "Nilimwogopea mama, si wewe. Nisamehe."

Abdishakur alikohoa, akageukia jiko. Mama Dagane alivuta kiti akaketi. Jasho lilikuwa linamtiririka. Siku nzima alikuwa anazunguka, hajatia kitu kinywani.

"Tamar. Nipe chai."

Tamar akainama kwenye karai. Vikombe vya bati vilivyokwisha kuondolewa mezani vilikuwa vimeoshwa vyote pamoja, vya Wata, vya Wapokomo, vya dereva wa lori.

"Mama, sijui kipi ni cha nani," alisema kwa hofu. "Nilete glasi?"

Mama Dagane alimtazama Barwako. Walitazamana kwa muda, na wa kwanza kuinamisha macho alikuwa mama.

"Lete hicho hicho."

Akanywa. Hoteli nzima ilimtazama koo. Akakunja uso.

"Tamar! Sukari haijakolea! Wageni wangu wanakunywa chai gani hii siku zote mbili?"

"Hatujui, dada yangu," alijibu Bi Adano kutoka meza ya pili. "Hatujaionja."

Aliyeanza kucheka ni Mama Dagane mwenyewe. Johnson akapiga mbinja, akina shangazi wakapiga vigelegele, na chai moto ikamiminwa kwenye chochote kilichokuwa karibu, glasi, bati, bakuli. Wata wakanywa. Dagane alichukua koleo akang'oa msumari. Kabla mwezi haujaandama, hoteli zote za mtaa ule zilikuwa zimeng'oa yao, nyingine usiku usiku kwa aibu.

Jioni ya siku ile ile ya chai, Dagane alimfuata Barwako hadi steji.

"Nataka kuleta wazee kwenu," alisema.

"Kufanya nini?"

"Kununua maembe. Barwako, jamani! Kukuposa."

Moyo ulimdunda, lakini uso aliuzuia. "Walete. Mama yangu atawapikia chai. Nitakujibu vikombe vikiwa vitupu."

Wazee walikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu nyeupe na harufu ya udi, Mama Dagane mbele kwa baibui jipya. Barwako mwenyewe ndiye aliyepita na sinia, ndani ya dira lile la kijani la sokoni. Vikombe vya Bi Adano havikufanana hata viwili. Kisha alisimama mlangoni na kutazama.

Mjomba Abdishakur alikishika chake, akakizungusha, akamtupia jicho dada yake. Halafu akapiga bismillahi, akanywa, akajifuta sharubu. Wengine wakafuata. Dagane hakuwa anakunywa. Alikuwa anahesabu vikombe kwa macho, shingo imemrefuka.

Mama Dagane ndiye aliyemaliza wa kwanza. Alikinyoosha kikombe chake.

"Niongezee, mwanangu. Hii imekolea."

Barwako alimimina hadi ukingoni. Ndipo alipomgeukia Dagane, mbele ya wazee wote, akatabasamu.

"Ndiyo," alisema. "Sasa kunywa yako, isije ikapoa."