Kidole Gumba cha Mzee Ernesti

Jumamosi ile duka la Mwinyijuma, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, lilijaa watu mpaka kizingitini. Huyu anataka chaja, yule balbu, na mama mmoja alikuwa amekuja na feni nzima kichwani. Katikati yao alisimama Elizabeti, fundi cherehani, ndani ya gauni la bluu alilolishona kwa mkono wake mwenyewe. Gauni lilimkaa vizuri, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kusema jambo moja mara tatu.

"Mzee Mwinyijuma, hii uliyonipa ni rimoti ya televisheni. Mimi nataka ya kompyuta."

"Kompyuta ina mausi yake, mwanangu. Rimoti ya nini tena?"

"Baba hawezi mausi. Kiharusi kimemchukua mkono wa kulia pamoja na ulimi. Kaka yangu ametuachia kompyuta, tumeiunganisha na televisheni. Ndani mna kwaya, mahubiri, sherehe zetu zote. Lakini mpaka mimi niache cherehani nikamfungulie. Mtu mzima anangoja kufunguliwa kama mtoto."

"Rimoti hiyo ipo," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Msemaji alikuwa kijana mrefu, shati la kaki limetobolewatobolewa na cheche za kuchomelea, begi la vifaa begani. Jina lake Wilfred.

"Inakuja na kidude kama flashi," alisema. "Unakichomeka kwenye kompyuta, basi. Ukibonyeza, kompyuta inatii."

"Inatii kweli?"

"Kuliko mke."

"Wewe una mke?"

"Sina. Ndiyo maana naongea kwa ujasiri."

Duka zima lilicheka, hata mama wa feni. Elizabeti alijitahidi kukunja uso, akashindwa.

Siku ya Jumatatu Wilfred aliileta rimoti hiyo kwa baiskeli yake nyumbani kwa Mzee Ernesti, baba yake Elizabeti. Mzee alikuwa ameketi sebuleni, akitazamana na kioo cheusi cha televisheni. Zamani alikuwa nyapara katika shamba la mkonge upande wa Maramba, na mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu ambaye sauti yake ilisikika mistari kumi ya mkonge. Sasa hakuwa na neno hata moja.

"Shikamoo baba," Wilfred alisema, akaushika mkono wa kushoto ulio hai. Mzee aliinua kidole gumba. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake.

Wilfred alikaa mchana kutwa. Aliweka programu iliyojaza kioo kwa picha kubwakubwa: picha ya msalaba kwa mahubiri, ya kinanda kwa kwaya, ya nyumba kwa sherehe za familia. Vitufe vyote visivyohitajika alivifunika kwa utepe wa gundi, vikabaki sita. Kisha alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akaizungushia rimoti isiteleze kwenye kiganja.

"Sasa baba, kulia. Tena kulia. Hapo, bonyeza katikati."

Kwaya iliimba. Mzee Ernesti aliisimamisha, akaiendesha, akaisimamisha tena, machozi yakimtiririka upande mmoja wa uso. Elizabeti alikimbilia uani, akaegemea pipa la maji. Alimwambia Mungu asante mpaka akaishiwa maneno.

Tangu siku hiyo Wilfred hakukosa sababu ya kupita. Mara alikuja kuongeza picha, mara kukaza waya ambao haukulegea. Jioni simu ililia.

"Haloo, fundi Eliza."

"Haloo, fundi wa vitufe."

"Nimeshonewa suruali na mtu mwingine leo. Nakiri kabla hujasikia kwa watu."

"Imekukaaje?"

"Imenibana. Mungu hachelewi kuadhibu."

"Njoo niilegeze basi."

"Nilegezee na moyo, mpenzi. Nao unabana."

Elizabeti alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mpenzi kwa sauti ya namna ile, ya utani juu na heshima chini. Katika sala zake za asubuhi jina la Wilfred lilianza kuja kabla hajaliita.

Nyumbani kwao aliishi pia Shangazi Beatrisi, dada wa Mzee Ernesti. Kigoda chake kilikuwa ukumbini, nyuma tu ya mlango wa mbele, na ungo wa mchele haukumtoka magotini. Shangazi hakumpenda Wilfred.

"Mkatoliki," alisema. "Na babu yake alikuja hapa manamba, kibarua wa mkataba. Alikata mkonge katika shamba lile lile alilokuwa nyapara baba yako. Watu watasema nini?"

"Babu yake amekufa, shangazi. Huyu anatengeneza kompyuta."

"Mkonge haufi. Ukikatwa, unaota."

Basi siku moja Wilfred na Elizabeti walikaa barazani, chini ya dirisha la sebule, naye Wilfred akaanza kunong'ona habari ya maisha ya wawili. Mara sauti ya kwaya ndani ikapanda. Ikapanda tena, mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Walicheka, wakaahirisha maneno. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Na siku ile Wilfred aliposema, "Eliza, nataka wazee wangu walete barua ya posa," sauti ilipanda hata jirani akatoka nje kutazama.

Elizabeti aliingia ndani. Shangazi alikuwa amekunja mikono juu ya ungo.

"Umemsikia baba yako? Hana ulimi, lakini amekujibu. Kila kijana yule akifungua mdomo, anamfunika kwa nyimbo za Mungu. Wataka akwambie nini zaidi?"

Kwa desturi yao, binti hamuulizi baba habari za mapenzi. Huenda kwa shangazi, naye shangazi ndiye huenda kwa baba na kurudi na jibu. Na shangazi alikwisha kulitoa jibu. Elizabeti hakuthubutu kumtazama baba yake usoni.

Alimpigia Wilfred simu akiwa amejifungia chumbani.

"Usilete barua."

"Mzee amekataa?"

Angeweza kusema ndiyo. Lakini atamwambiaje mtu aliyemrudishia baba yake nyimbo kwa vitufe sita kwamba baba huyohuyo hamtaki, kwa sababu ya mkonge wa babu yake? Alitaka kumkinga na aibu hiyo.

"Si baba," alisema. "Ni mimi. Moyo wangu umebadilika."



"Sawa, Eliza," Wilfred alisema mwishowe. "Msalimie mzee. Nitamwombea."

Hakupita tena. Miezi saba Elizabeti alishona na kufumua. Alifunga, alisali, akazisoma Zaburi za huzuni mpaka kurasa zake zikalegea. Kuna sala ambazo mtu huziomba kwa tumaini, na kuna zile ambazo huziomba kwa sababu hana pengine pa kwenda. Zake zilikuwa hizo za pili.

Mwezi wa nane Shangazi akamleta Daniel, karani wa ushirika, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa kuliko macho yake. Alikaa barazani, akakohoa, akaanza kueleza nyumba anayoijenga Muheza, ina vyumba vingapi.

Ndani, kwaya ikapungua. Ikapungua tena, ikawa mnong'ono, ikazimika. Katika ukimya ule kila neno la Daniel lilisikika mpaka uani.

Elizabeti aligeuka, akachungulia dirishani. Baba yake alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea barazani, anasikiliza, rimoti kifuani. Aliponaswa hakuona haya.

"Samahani kidogo, kaka Daniel."

Aliingia, akapiga magoti mbele ya kiti. Alikuwa anavunja desturi, naye alijua.

"Baba, nisamehe nikikuuliza. Huyu umempunguzia sauti. Wilfred ulikuwa unamwongezea. Kwa nini?"

Mzee Ernesti alimtazama kama mtu anayemtazama mjinga wake mpendwa. Kisha macho yake yakaenda ukumbini, kwenye kigoda. Kidole gumba kikabonyeza. Kwaya ikapanda, ikapanda, ikajaa nyumba nzima.

"Hebu punguzeni!" Shangazi Beatrisi alipiga kelele. "Sisikii mnachosema!"

Mzee Ernesti alicheka. Upande mmoja tu wa mdomo wake ulicheka, lakini mabega yote mawili yalitikisika. Elizabeti akaelewa. Alikuwa akiwasitiri. Asiye na ulimi alikuwa amewajengea watoto wake ukuta wa nyimbo ili waongee kwa faragha, na yeye ameusikia kama kufukuzwa.

"Ulimtaka, baba?"

Kidole gumba kikainuka.

Usiku ule namba ya Wilfred haikupatikana, wala kesho yake. Jumapili asubuhi Elizabeti alivaa gauni jipya la maua ya zambarau, akafunga kilemba, akainama sikioni kwa baba yake. "Naenda kanisani kwao. Naenda kumleta."

Alikaa kiti cha nyuma katika kanisa la Wakatoliki, akiinuka kwa kuchelewa kila walipoinuka. Misa ilipokaribia kwisha, katekista alisimama na karatasi.

"Matangazo ya ndoa. Kwa mara ya tatu na ya mwisho: Wilfred, wa jumuiya ya Mtakatifu Yosefu, anatarajia kufunga ndoa na Leticia, wa jumuiya hiyohiyo. Anayejua kizuizi chochote amwone paroko."

Elizabeti alitafuta moyoni mwake kizuizi. Hawakuwa ndugu. Hakukuwa na mke mwingine. Kulikuwa na neno moja la uongo, alilolisema yeye mwenyewe, na hilo halikuandikwa katika sheria ya kanisa lolote.

Nje, Wilfred alimwona kabla hajaondoka.

"Eliza? Mzee yupo?"

"Yupo. Mungu anamtunza."

Kando yake alisimama msichana wa sare ya kwaya, kitenge cha njano, uso mpole usio na shaka na mtu. "Ndiye yule wa baba wa rimoti?" alimuuliza Wilfred. "Shikamoo dada. Huwa tunamwombea baba kwenye jumuiya, kila Alhamisi."

"Marahaba, mdogo wangu. Asanteni," Elizabeti alisema. Sababu ya kuwapo kwake pale aliitafuta hewani. "Nilikuja kuuliza tu habari ya betri. Zile za rimoti."

"Betri?" Wilfred alimkazia macho. "Ziko kwa Mwinyijuma. Umetoka Ngamiani kwa ajili ya betri?"

"Ndiyo."

"Mpeleke, ukamtazame mzee," Leticia alisema, kisha akaitwa na wenzake, akasogea.

Wilfred alishusha sauti. "Eliza. Siku ile. Moyo wako ulibadilika kweli?"

Swali lilikuwa kama mlango ulioachwa wazi, wa kupita mtu mmoja tu. Elizabeti aliwatazama wanakwaya waliomzunguka Leticia, wanamvuta mkono, wanamtania juu ya shela. Aliomba nguvu, na Mungu akampa ile asiyoitaka.

"Ulibadilika," alisema. "Mungu awabariki, Wilfred."

Alitembea mpaka nyumbani. Jua lilikuwa la saa saba, na kilemba chake kilikuwa kimelowa jasho.

Shangazi Beatrisi alimpokea mlangoni, amechoka. "Kuna mgeni anakuja? Tangu utoke baba yako ananionyesha kabati, ananionyesha kabati, mpaka nimemvisha koti lake la harusi. Kunyoa nimemnyoa. Kompyuta amekataa kuifungua."

Mzee Ernesti alikuwa ameketi wima katika koti la kahawia, vifungo vyote vimefungwa, kiti kimegeuzwa kuelekea mlangoni. Alimtazama binti yake, kisha akatazama nyuma yake.

"Niko peke yangu, baba," Elizabeti alisema, akapiga magoti. "Ana mchumba. Wataoana. Wewe ulisema mapema, mimi ndiye sikusikia."

Baba hakuinua kidole. Joto lilikuwa kali, jasho limejikusanya kwenye kola. Elizabeti alianza kumfungua vifungo, kimoja, cha pili. Alipofika cha tatu mzee aliushika mkono wa binti yake kwa mkono wake mzima, akauzuia hapo, akaendelea kutazama mlango.