Dobi Asiyefua Nyumbani

Dobi mmoja alifua nguo za mtaa mzima, asubuhi hadi jioni. Mashuka, makoti, hata soksi za watu asiowajua. Lakini akifika nyumbani, shati lake mwenyewe hakuligusa. "Kule ni kazini," alisema. "Nyumbani, kufua ni kwa wanawake." Mkewe alikuwa amefariki. Basi nguo za dobi na za mwanawe wa kiume alizifua binti yake. Makubwa hayo!

Jumatatu binti alikuwa na mtihani wa riwaya, yaani kitabu kirefu cha hadithi. Akishindwa, angerudia darasa. Zilibaki siku tatu, naye hajafika hata nusu.

"Uvivu tu," dobi akamwambia jirani yake, mkutubi, aliyekuja kuchukua suruali zake. "Na hadithi ni porojo. Zina faida gani?"

Mkutubi akacheka. "Mwache akusomee unapopiga pasi. Kisha uniambie."

Jioni dobi alileta nyumbani nguo za wateja kuzipiga pasi, binti akamsomea. Hadithi ilimhusu msichana aliyependa vitabu. Kila akifungua kitabu, baba yake alimwita: leta hiki, osha kile. Kaka yake naye alikatazwa kulia, hata siku ya kumzika mama yao.

Dobi akasimamisha pasi. "Baba gani huyu? Hana huruma! Haya, ikawaje?"

Mara kijana wake akaita kutoka ndani: "Wee, chakula kiko wapi?"

"Nenda kampakulie kaka yako," dobi akasema kwa mazoea.

Binti akaweka kidole katikati ya kurasa, akainuka. Dobi akakitazama kile kidole. Aibu ikamshika.

"Keti, mwanangu. Kwani na wewe huwa unaumia hivyo?"

"Kila siku, baba."

Asubuhi dobi alimwendea mkutubi. "Yule mtu wa kitabuni ni mimi mtupu!"

"Ndiyo faida ya riwaya," mkutubi akasema. "Inakuingiza moyoni mwa mwenzako. Ukijua anavyojisikia, huwezi kumwonea kirahisi. Sasa gawaneni kazi. Kijana wako akipika, uanaume haupungui. Hata akilia, haupungui."

Siku hiyohiyo dobi alifua shati lake mbele ya nyumba yake, mchana kweupe.

"Leo umekosa wateja?" wapita njia wakamtania.

"Nimepata mteja mkorofi kuliko wote," akajibu.

Kijana alipika. Chakula kikaungua, wakakila hivyohivyo, wakicheka. Binti akasoma kitabu hadi ukurasa wa mwisho.

Alifaulu vizuri. Siku ya matokeo dobi alilia kwa furaha mbele ya wanawe, wala hakuyaficha machozi.

"Hebu niambie," akasema akijifuta. "Yule baba wa kitabuni, mwishowe alibadilika?"

"Hapana. Binti yake alitoroka, hakurudi tena."

Dobi akasogea karibu naye. "Na wewe, uliwahi kufikiria kutoroka?"

"Nilifikiria sana, baba," binti akasema. "Siku hizi sifikirii."