Kilichoziba Landrova ya Daktari Mumbua

Kila Jumamosi Kasyoka aliamka mapema, akafagia uwanja, akachemsha chai, kisha akaigeukia Landrova. Mama yake, Daktari Mumbua, alikuwa daktari wa mifugo pale Masii, na Landrova hiyo aliyoachiwa na baba yake mzazi ilimzidi Kasyoka umri kwa miaka mingi. Milango yake haikufungika mpaka ibamizwe, na kiti cha abiria kilikuwa na shimo la kuficha embe zima. Lakini zile barabara za vijijini ambazo magari mapya huzitazama na kugeuza, yenyewe ilizipita bila kuuliza.

Kasyoka alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi yake ilikuwa kupangusa vioo, kukagua magurudumu na kuongeza maji kwenye rejeta, ambayo ilivuja kidogo kidogo. Hiyo ya maji ndiyo iliyomchosha. Mama alikuwa amesema wazi kwamba Landrova haipewi maji ya kisima kwa sababu yana chumvi. Ipewe maji ya mvua tu. Tangi la nyumbani lilikuwa limekauka, kwa hiyo maji ya mvua yalipatikana kanisani, nusu saa kwa miguu, tena mlimani. Kisima nacho kilikuwa hapo tu, nje ya lango. Wiki ya kwanza Kasyoka alipanda mlima. Wiki ya pili alikuwa na kazi nyingi ya shule. Wiki ya tatu hakuwa na sababu yoyote, ila gari lilikuwa halijalalamika. Sasa muhula mzima ulikuwa umepita akiteka kisimani, na kila alipoulizwa alijibu kwamba maji yametoka kanisani.

Jumamosi hiyo walikuwa wakienda kwenye josho la Kithangathini. Homa ya mapafu ilikuwa imeingia katika mbuzi wa huko, na wenyeji walikuwa wamekubaliana kuleta mifugo yao ichanjwe. Chupa za chanjo zilikuwa nyuma ya gari, ndani ya kasha la barafu. Mama alieleza kwamba barafu ile ingevumilia hadi saa nane mchana. Ikiyeyuka, dawa ingeharibika, na nyingine isingepatikana kabla ya wiki mbili.

"Na wiki mbili kwa homa hii ni mazizi matupu," alisema.

Walikuwa katikati ya safari, wakipanda kilima, mshale wa joto ulipopanda ghafla hadi mwisho. Mvuke ulifumka chini ya boneti. Injini iligonga mara mbili tatu, ikazima. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Kasyoka aliruka chini na kukimbilia kifuniko cha rejeta, lakini mama alimshika mkono. Alimwambia kwamba maji yaliyo ndani yanachemka na yangembabua uso mzima. Gari lililopata moto huachwa lipoe kwanza. Walilibeba kasha la barafu hadi chini ya mgunga, wakalifunika kwa blanketi, wakangoja.

Haikupita muda pikipiki ikasimama kando yao. Ilimleta Bwana Abdille, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Kithimani, aliyekuwa na mbuzi sitini kule joshoni. Watatu walikuwa wamekufa wiki hiyo, na alikuwa amekuja kumtafuta daktari. Bahati ni kwamba kabla ya kununua mbuzi, Abdille alikuwa ameendesha Landrova kama ile kwa miaka kumi na mmoja. Alivua koti, akakunja mikono ya shati.

Mama alihofu kwamba gasketi ya injini imeungua, na kama ni hiyo, basi safari imeishia hapo. Abdille alitikisa kichwa. Alisema yeye hakisii, anakagua kitu kimoja baada ya kingine. Aliuvuta mkanda wa feni, akaona umekaza vizuri. Akaipapasa mipira ya maji, akakuta hakuna uliopasuka. Kisha akamwambia Kasyoka asogeze kiganja karibu na injini, halafu aiguse rejeta kwa chini.

"Umesikia nini?"

"Injini ina moto kabisa, lakini rejeta ni baridi," Kasyoka alisema.

Abdille akafurahi. Kumbe maji yalikuwa hayazunguki. Yalikaa ndani ya injini yakichemka, na rejeta inayotakiwa kuyapoza haikuyapata. Gari lilipopoa alichukua spana, akafungua nati juu ya injini na kutoa thamostati, kifaa cha duara kinacholingana na kifuniko cha soda. Kazi yake ni kufunguka maji yakipata moto, ili yaende rejetani. Hii ilikuwa imeganda, imezungukwa na ukoko mweupe.

Mama aliitazama, uso ukambadilika. Thamostati hiyo iliwekwa na Kiema, fundi wa Masii, mwezi uliopita tu. Hakungoja. Alitoa simu, akampigia Kiema, akamwambia mbele ya wote kwamba amemuuzia kifaa bandia, kwamba mbuzi wa watu watakufa kwa ajili yake, na kwamba hatapeleka tena gari kwake wala hatamsifu kwa mtu. Sauti ya Kiema ilisikika ikijitetea, kisha mama akakata simu.

Kasyoka aliujua ukoko ule. Ulikuwa ule ule unaogandamana ndani ya birika lao nyumbani, birika linalochemshiwa maji ya kisima. Hakuna mwingine aliyejua alikoyateka maji ya gari. Angenyamaza, lawama ingebaki kwa Kiema na yeye angelala salama. Lakini Kiema hakuwa na kosa lolote, na mama alikuwa tayari ameinua jerikeni ya maji iliyokuwa garini ili ajaze rejeta. Kasyoka alipiga moyo konde.

"Mama, usimimine. Hayo ni maji ya kisima. Ni mimi nimekuwa nikiweka ya kisima muhula wote. Nimekudanganya."

Mama aliiweka jerikeni chini. Hasira ilimpanda, na Kasyoka aliiona. Ila Abdille ndiye aliyetangulia kusema.

"Basi umetuokoa, binti. Nilitaka kuwaambia mwende bila hii thamostati. Lakini kama ni chumvi ya muhula mzima, rejeta nayo imeziba. Mngefika kona ya pili tu, mngeua injini kabisa."

"Tutaongea, Kasyoka," mama alisema. "Sasa hivi nataka kufika joshoni. Ukoko huu unatolewaje?"

Kasyoka alijibu kwamba birika huwa analisafisha kwa kuchemsha maji ya limau. Abdille alifikiri kidogo, akakubali kwamba yaweza kusaidia. Chini ya kilima kulikuwa na boma la bibi mmoja, Nzilani, aliyeitwa Susu, yaani nyanya, na ua wake ulikuwa umejaa milimau. Kasyoka alimwaga yale maji ya kisima, akaibeba jerikeni, akatimua mbio. Susu aliposikia habari ya chanjo hakuuliza maswali mengi. Alimpa nusu gunia la malimau, sufuria na jiko la makaa, akamfungulia tangi lake la mvua, ambalo nalo lilikuwa karibu kwisha.

Kasyoka alipanda na kushuka kilima kile mara nne akiwa na jerikeni mgongoni, kamba ikimkata kwenye paji la uso. Hakupumzika. Alikamua malimau mpaka vidole vikamwasha. Thamostati ilichemshwa ndani ya maji ya limau, ukoko ukatoa povu na kumeguka. Wakaiweka katika maji safi yenye moto, wakainama wote juu ya sufuria. Polepole ikafunguka. Susu Nzilani, aliyekuwa amewafuata kwa fimbo yake, alicheka akasema hajawahi kuona chuma kikipikwa.

Rejeta iliwapa taabu zaidi. Walimimina maji ya limau, wakawasha injini kwa robo saa, wakaizima, wakangoja ipoe, wakamwaga. Yalitoka maji mazito mfano wa uji. Mara ya pili yalitoka mepesi. Wakasuuza, wakarudisha thamostati, wakajaza maji ya mvua. Mama aliwasha gari, na Kasyoka akaigusa rejeta kwa chini. Sasa ilikuwa na joto.

Walifika joshoni saa saba na robo. Barafu ilikuwa imebaki vipande vichache, lakini kipimajoto cha kasha kilionyesha kwamba dawa ilikuwa bado nzima. Kasyoka alishika mbuzi mmoja baada ya mwingine huku mama akichanja, hadi wakamaliza mifugo yote.

Hapo ndipo mama alipompigia Kiema tena. Alimwomba msamaha, akakiri kwamba alimlaumu kabla ya kupima. Kisha akamkabidhi Kasyoka simu. Kasyoka aliona haya, lakini alisema yote, bila kuficha hata wiki moja. Kiema alisema amesamehe, na kwamba maneno yale yalikuwa yamemharibia siku nzima.

Mama alikaa juu ya ukuta wa josho, akamwita binti yake karibu.

"Maji ya kisima ningekusamehe siku ile ile ya kwanza," alisema. "Uliyaficha, yakaziba gari, na karibu yachukue kazi ya mtu na mbuzi wa kijiji. Mimi nami niliongeza kosa kwa kulaumu haraka. Lakini leo ulisema ukweli wakati ulikuwa bado unaweza kutengeneza kitu. Ungengoja mpaka tufike nyumbani, ungekuwa ni huo huo ukweli, na mbuzi hawa wangekuwa hawajachanjwa."

Kasyoka alitazama mbuzi wakiondoka na wafugaji wao. Alimwambia mama kwamba amesikia, na kwamba hatamdanganya tena. Kisha wakaanza kuosha sindano.